Mashimo Yaliyohamia Uwanjani

Jumatatu, watu wa Tebunimai walipokwisha kula chakula cha mchana na kujinyoosha kwenye mikeka, Nei Taabeta alijitwika gunia la majani akaenda kulisha magimbi yake. Alipofika, shimo halikuwepo.

Aliweka gunia chini. Pale lilipokuwa shimo, hatua kumi na mbili kwa nane, palikuwa na mchanga mkavu uliosawazishwa vizuri, na kaa wawili wakigombana juu yake. Ukingo wa mawe aliopanga babu yake ulikuwa umekwenda pia. Kutoka hapo ulianza mburuzo mpana ulioelekea ndani ya kisiwa, ukipinda penye kila mnazi bila kukwaruza hata mmoja. Nei Taabeta aliona kwamba shimo lilikuwa limeondoka kwa adabu, na hilo lilimfariji kidogo. Halafu akakumbuka gimbi la baba yake. Aliketi juu ya gunia.

Gimbi hilo la shimoni, babai kama wanavyoliita wao, baba yake alilipanda mwaka aliokufa, na sasa lilikuwa na miaka tisa. Lilikuwa likingoja siku moja tu, siku ya kufungua paa jipya la maneaba, jumba la mkutano ambamo kila ukoo una mahali pake pa kukaa. Ukoo wa Nei Taabeta hukaa kwenye nguzo ya mashariki, nao ndio hutangulia kuweka chakula. Koo nyingine hazimegi kitu mpaka gimbi lao limefunuliwa. Zilibaki wiki tatu. Angekwenda na sufuria ya wali wa mchele wa dukani, heshima ya kutangulia ingehamia kwa mwenye gimbi, na wajukuu zake wasingeiona tena. Na hiyo ilikuwa nusu tu ya hofu yake. Mvua ikikatika mwaka mzima, mshelisheli hudondosha maua na minazi huzaa nazi ndogo kama vidole. Kinachobaki ni shimo. Asiye na shimo hungoja meli ya mchele, na meli ile ina hiari yake.

Siri yenyewe ni kwamba gimbi lilikuwa linaumwa. Tangu lilipojengwa tuta la barabara kuunganisha Tebunimai na kisiwa cha jirani, miaka miwili nyuma, majani yalikuwa yameanza kugeuka manjano pembeni. Nei Taabeta alichovya kidole kwenye maji ya shimo, akalamba, akapata chumvi. Hakumwambia mtu. Pale kwao shimo la mwenzio haliulizwi, wala halichunguliwi. Ukilipita unatazama mbele kama unayepita mtu anaoga. Kila ukoo una mchanganyiko wake wa majani ya kulishia magimbi, na mzazi humnong'oneza mtoto mmoja tu. Basi Nei Taabeta alipoona manjano alidhani amekosea. Labda baba alisema mafungu mawili, yeye akasikia matatu. Akawa analisha mchana watu wakilala, na moyo ukimuuma, kwa kuwa aliamini ndiye anayemuua marehemu baba yake mara ya pili.

Alirudi nyumbani akamwamsha mumewe.

"Kautu. Panda mnazi unitazamie kitu."

Kautu alikuwa mgema, tena mgema hodari, na kama wagema wote waliosifiwa sana, tembo lake siku hizi halikukosa maji. Alifungua jicho moja.

"Saa hizi? Tembo sigemi mpaka jua lilegee."

"Sijasema ugeme. Shimo limeondoka."

"Aa," alisema Kautu. Akajifunga shuka kiunoni, akapanda. Juu kule aligeuka taratibu pande zote, akijikuna.

"Naliona!"

"Liko wapi?"

"Kwa Iotebwa. Nyuma ya banda la nguruwe."

"Linafanya nini?"

"Limetulia. Linaonekana limechoka."

Nei Taabeta alifunga kitambaa kichwani. Kati ya nyumba zote hamsini za Tebunimai, shimo lilikuwa limechagua kwa Iotebwa. Huyu alikuwa mume wa binamu yake, hivyo walikuwa shemeji na utani wao haukuwa na breki. Lakini ukoo wake ndio uliokaa nguzo ya pili. Kwa maneno mengine, ndiye angetangulia kuweka chakula siku Nei Taabeta atakaposhindwa.

Alimkuta ameketi kwenye gogo, mgongo kwa shimo, akilitazama banda la nguruwe kwa makini makubwa. Majani makubwa ya magimbi yalimfunika kivuli. Yalikuwa ya manjano, hata kipofu angeyajua.

"Karibu shemeji," alisema Iotebwa bila kugeuka. "Mgeni wako kafika salama."

"Umelitazama?"

"Mimi? Tangu saa saba namtazama nguruwe. Mpaka na yeye ameanza kuona haya."

"Iotebwa, usinitanie leo."

"Sikutanii. Ila umekonda. Kautu hakulishi?"

Nei Taabeta alivuta pumzi. Kwa watu wale kuna namna ya kuomba ambayo aliyeombwa hawezi kuikataa. Ukiombwa shati ulilovaa, unalivua. Kwa hiyo mwungwana haombi ovyo, maana kila ombi huacha alama. Nei Taabeta alikuwa hajamwomba Iotebwa kitu tangu walipokuwa watoto. Aliketi chini, miguu akaikunja kando.

"Nimekuja kukuomba. Ardhi yako hii. Shimo langu lipumzike hapa mpaka litakapotaka kwenda."

"Lipumzike," alisema Iotebwa, upesi mno. Hakuchekelea. Hakuvuta hata sekunde moja ili amwone akihangaika, kama alivyokuwa na haki ya kufanya. Nei Taabeta alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaona mtu asiyelala siku nyingi.

"Shemeji. Na lako liko wapi?"

Iotebwa alimtazama nguruwe. Nguruwe akageuka upande mwingine.

"Liliondoka Jumamosi," alisema hatimaye. "Nikatandaza makuti pale lilipokuwa, watu wasione. Sasa hivi liko uwanja wa mpira, kwenye goli la kaskazini, na kila apitaye anatazama mbele. Naenda kulilisha wenzangu wakilala."

"Majani yake?"

"Manjano. Miaka miwili sasa. Nilidhani ni mimi. Baba aliniambia ile siri mara moja tu, na alikuwa na homa."

Wahenga wa Waswahili wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hawa wawili walikuwa wamefichana ugonjwa mmoja kwa miaka miwili, uani kwa uani. Nei Taabeta alianza kucheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Iotebwa alimpa nazi changa anywe.

Jumanne mchana shimo la Nei Taabeta lilijikokota tena, likazunguka kaburi la babake Iotebwa kwa mbali, likafika uwanjani. Jumatano yakaja mengine manne. La mchungaji wa kanisa lilikuja Alhamisi likiwa na bata wake wawili bado wanaogelea. Yote yalisafiri mchana, watu walipokuwa wamejilaza, na yote yalikwenda kule kule, katikati ya kisiwa, ambako maji matamu ya chini bado yalikuwa na kina. Kufika Jumamosi mashimo kumi na saba yalikuwa yamepangana uwanjani, ukingo kwa ukingo, goli hadi goli. Vijana wa mpira walihamishia mechi ufukweni. Waliomba tu mashimo yasogee kidogo penye kona, lakini hayakusogea, na suala hilo likaishia hapo.

Kwa siku mbili kila mtu alilisha shimo lake akiwa amewapa wenzake mgongo. Jumatatu haikuwezekana tena. Mtu akiinama kwake, makalio yake yako kwenye shimo la jirani. Ndipo Iotebwa alipomwaga gunia lake waziwazi, na Nei Taabeta akashindwa kuyafumba macho.

"Hayo si majani yetu?"

"Yenu vipi? Haya ni ya ukoo wangu tangu enzi."

Alimwaga la kwake kando. Majani yalikuwa yale yale, mafungu matatu ya hili na moja la lile, na mchanga mweusi ule ule uliochekechwa chini ya miti ya mikadi. Watu wakasogea. Mchungaji akamwaga lake. Magunia kumi na saba yakamwagwa uwanjani, na siri kumi na saba zilizonong'onezwa vizazi vitano, watu wakiapishwa, zikawa siri moja. Mzee mmoja alisema marehemu mama yao alimfukuza nyumbani mdogo wake kwa sababu ya siri hiyo, na mdogo mtu akafia ugenini. Alisema hivyo tu, akachukua jembe lake akaendelea.

Lakini Nei Taabeta alihisi kitu kinashuka kutoka mabegani mwake, kitu alichokuwa amekizoea mpaka akadhani ni sehemu ya mwili. Hakukosea. Yalikuwa mafungu matatu, alisikia sawasawa. Hakuna aliyekuwa amekosea. Kifo cha wengi harusi, na siku ile uwanjani ilikuwa harusi kweli. Walisaidiana kujaza vikapu vile visivyo na kitako vinavyozungushiwa kila gimbi, wakataniana manjano ya nani yalizidi, na Kautu akaleta tembo, safari hii halina maji. Baada ya siku kumi majani yalianza kurudisha kijani kutoka katikati kwenda pembeni.

Walijua pia chumvi ilikotoka. Tuta lilipochorwa lilikuwa na milango mitatu ya kupitishia mkondo. Lilipojengwa halikuwa na hata mmoja. Mkondo uliozoea kupita kati ya visiwa viwili sasa ulifika pale, ukakuta ukuta, ukarudi kula ufukwe wa Tebunimai na kuingia chini ya ardhi yake. Wakaandika barua. Bwana shamba, jina lake Ruateki, alikuja na boti siku mbili kabla ya sherehe. Alikuwa kijana mpole, kiatu kimoja kimelowa. Alitembea kutoka goli hadi goli.

"Haya ndiyo mashimo?"

"Ndiyo," alisema Nei Taabeta. "Yalikuwa kule ufukweni. Yamekuja."

"Sawa." Aligeuza ukurasa. "Fomu inauliza idadi ya mashimo yaliyoharibika."

"Yaliharibika yote. Ndiyo maana yakahama."

"Ila sasa mama, nikiyatazama, ni ya kijani."

"Kwa sababu yamehama!"

"Nakuelewa mama yangu. Lakini fomu haina mahali pa kuhama." Aliandika sifuri, kwa huruma, akaikoleza. "Na wale wa tuta wataniuliza jambo moja tu. Watu wana chakula? Nitasema wanacho. Nikisema hawana nitakuwa mwongo."

"Kwa hiyo hata ile milango mitatu hatuipati?" aliuliza Iotebwa.

"Mlango hutobolewa penye hasara, mzee. Hapa hasara haipo."

"Yaani tungekaa tufe njaa, ndiyo mngetoboa?"

Ruateki alitazama kiatu chake kilicholowa. Alisema hata kijijini kwao liko tuta kama hilo. Wakampa nazi na samaki waliokaushwa wa kula njiani, maana mgeni haondoki mikono mitupu, na boti ikamchukua.

Siku ya sherehe wanaume wawili walilibeba gimbi la Nei Taabeta kwenye mti begani, na mti ukapinda. Lilikuwa limekaa tanurini chini ya mawe ya moto tangu usiku wa jana yake. Alilifunua mbele ya nguzo ya mashariki, watu wote wamekaa mahali pao, akamega kipande cha kwanza akatia mdomoni, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Aliitafuta chumvi kwa ulimi wote. Hakuna. Palikuwa na utamu mzito wa udongo mweusi, basi. Macho yalimjaa machozi, akayaacha yajae.

"Tuambie basi!" Iotebwa alipaza sauti kutoka nguzo ya pili. "Au unataka kumaliza peke yako?"

"Subiri zamu yako, shemeji. Ungefurahi ningekuja na wali."

"Ningelia. Kisha ningetangulia."

Maneaba nzima ikacheka. Walikula mpaka wakalegea, kisha wakalala pale pale chini ya paa jipya, wazee kwa watoto. Nei Taabeta alikuwa karibu kupitiwa na usingizi aliposikia mchanga ukisuguana. Aliinua kichwa. Shimo lake lilikuwa limetoka kwenye mstari wa mengine. Lilikuwa limefika ukingoni mwa maneaba, mawe ya babu yake yakigusa mkeka wake, na nyuma yake la Iotebwa lilikuwa linajiandaa.

Alichovya kidole kwenye maji, akalamba. Kulikuwa na chumvi, kwa mbali sana.

Alitazama upande shimo lilikokuwa linaelekea. Baada ya maneaba kulikuwa na nyumba ya mchungaji, minazi sita, na bahari ya upande wa pili ikimetameta. Aliamua kwamba leo ameshiba, na waliolala wote wameshiba, na Iotebwa ataambiwa akiamka, wala hatafichwa tena kitu. Akamsukuma Kautu asogee, akavuta mkeka pembeni, shimo likapita.