Chewa wa Arbab Shakir

Mtu wa Mombasa umwachie chewa mzima jikoni, umwambie amsugue chumvi mpaka ute wote utoke, halafu utarajie aishie hapo! Rukiya hakuishia hapo. Alimpara magamba, akamtoa matumbo, akamchanja kila ubavu ili masala yaingie. Alikuwa akiosha kisu wakati Protas, dereva, alipoingia kuomba maji.

"Mungu wangu! Dada Rukiya, umefanya nini?"

"Nimemtengeneza. Kwani samaki hufanywaje?"

"Huyo si wa kuliwa! Tajiri wetu, arbab mwenyewe, kamvua. Alasiri anakuja mwalimu wa Kijapani kumpaka wino na kumlazia karatasi, itoke picha yake, magamba na mapezi yote. Itatundikwa klabuni kando ya picha ya samaki wa Raed, mshindani wake, ingawa huyo wa Raed kamzidi sentimita nne."

Rukiya akaweka kisu chini. Ghania, aliyemtangulia kazini hapa Uarabuni, alirudishwa kwao kwa kuunguza kanzu moja tu. Na huko Mombasa mamake alikuwa akisafishwa figo mara mbili kwa wiki kwa mshahara huu huu.

"Kaka Protas, nipeleke soko la samaki Deira. Nakuomba."

Ilikuwa Ijumaa, arbab yuko msikitini. Walikwenda mbio, wakarudi mbio na chewa mwingine mwenye madoa kama yale. Kwa kihoro alichokuwa nacho, Rukiya hakukumbuka kumpima.

Alasiri Bi Tomoko, yule mwalimu, akampaka samaki wino taratibu, akamlazia karatasi nyembamba, akaipapasa kwa vidole. Rukiya alisimama mlangoni na sinia la chai, vikombe vinagongana, anasoma Ayatul Kursiyyu kimoyomoyo, anakosea, anaanza upya. Karatasi ikabanduliwa. Lo! Chewa mzima, gamba kwa gamba.

"Mashallah," akasema arbab. Akachukua utepe, akapima. Akapima tena. Kwenye boti samaki wake alikuwa sentimita sitini na moja. Huyu alikuwa sabini na mbili.

Akainua macho, akamtazama Rukiya. Yarabi, leo ndiyo leo, akawaza Rukiya, narudishwa, na mama atakufa.

"Niandike urefu gani?" Bi Tomoko akauliza, brashi mkononi.

Arbab akaukunja utepe. "Sabini na mbili."

Mgeni alipoondoka, arbab akamfuata Rukiya jikoni, akafunga mlango.

"Raed akikuuliza," arbab akanong'ona, "hujui kitu."

"Sijui kitu, arbab."

"Wallahi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka kuliko ya Rukiya.