Uma Chini ya Godoro

Uvumi ule ulimganda Lagimalie kama utomvu wa shelisheli. Ulianzia kwenye mazoezi ya kwaya, kwenye benchi la sauti ya pili: eti nyumbani kwake kuna fiapalagi. Kwetu Samoa huyo ni mtu anayejitia Uzungu, na jina hilo likikupata halitoki hata ukioga baharini mara saba.

Hakutajwa mtu. Lakini nani mwingine, kama si bintiye Fetuao, aliyerudi kutoka Auckland wiki tatu zilizopita? Na Jumapili ya wiki hiyohiyo, baada ya kanisa, mama yake Tanielu, mchumba wa Fetuao, angekuja kula na kumtazama mkwe. Ndoa ingesimama au ingeanguka palepale mkekani.

"Usiseme asante kila ukipewa kitu," Lagimalie alimwonya. "Unamshukuru mdogo wako kwa kukusogezea chumvi! Nani kasikia hayo?"

"Haya, mama."

"Na usiseme umeshiba."

"Na nikishiba kweli?"

"Utashiba ukishaolewa."

Bado moyo haukutulia. Jumapili asubuhi, mawe ya tanuri yakiwa yanawaka, alikusanya uma zote, akazifunga kwenye kitambaa, akazisukuma chini ya godoro. Viti akavipeleka kwa jirani.

Wageni wakafika. Sulufaiga, mama yake Tanielu, alitoka kijiji cha juu mlimani. Watu wa huko sisi wa pwani huwaita kuā, yaani washamba, na Lagimalie mwenyewe alishawahi kulitamka neno hilo, tena akicheka. Sulufaiga alikuja na viatu vya kisigino, anatembea kama kuku aliyefungwa mguu. Wakaketi, wakakunja miguu. Magimbi yakaja, majani yake kwenye tui yakaja, nguruwe akaja. Mgeni akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Uma ziko wapi?"

"Uma za nini, dada? Sisi tunakula kwa mikono."

Uso wa Sulufaiga ukabadilika. "Mwenye binti wa Auckland akose uma? Au zipo, ila si za kuā kama sisi? Tanielu, inuka twende!"

Ndipo Fetuao akapita mbele ya wakubwa ameinama kwa adabu, akaenda kwenye godoro, akarudi na furushi, akalimwaga mkekani. Kelele kama sahani zimeanguka.

"Mama alizificha. Aliogopa mtaniita fiapalagi."

Kisha Sulufaiga akafungua mkoba wake taratibu, akatoa uma mbili.

"Na mimi nimekuja na zangu, mama, msije mkatucheka. Wiki nzima nafanya mazoezi! Juzi gimbi liliruka kwenye uma, likatua kifuani kwa mchungaji."

Tanielu ndiye aliyeanza kucheka. Wakacheka wote, wakala kwa mikono, tui likawafika viwikoni.

"Mkwe nimepata," Sulufaiga alisema akilamba kidole. "Lakini fiapalagi wanayemsema ni wewe, mwenzangu. Nani mwingine hapa ana uma kumi na mbili?"

Basi mama mwenye binti wa kuozwa, jiepushe na haya:

Kusikiliza benchi la sauti ya pili.
Kumkataza mtoto kusema asante.
Kumwita mtu kuā kabla hujala naye.
Kuficha uma.
Kupeleka viti kwa jirani. Hadi leo hajavirudisha.