Kamati Imepokea

"Ukishaingia mle ndani, Mama, hunijui."

"Miaka yote hii nalingoja hilo neno, mkwe wangu," mama mkwe akasema, akaukumbatia mfuko wake wa plastiki. "Leo umeniheshimu kweli."

Akajiendea zake kwenye lango la wageni. Mkwe akazunguka nyuma, mlango wa wafanyakazi, kitambulisho shingoni. Jengo zima lilimwita Bwana Kimya, maana kazi yake ilikuwa kuwasha na kuzima vipaza sauti katika chumba cha kamati ya bunge, ile inayosimamia mabenki na nyumba. Alikaa pembeni na meza yake ya vitufe. Akibonyeza, taa nyekundu inawaka kwenye shingo ya kipaza sauti, na maneno yako yanaingia kwenye kumbukumbu za bunge. Akizima, payuka mpaka mishipa ikutoke. Kesho kutwa watu watasoma "shahidi hakusikika", basi.

Pale kazini hakuna aliyejua kwamba anaishi kwenye maghorofa ya benki ya nyumba, hayo hayo yaliyokuwa yakijadiliwa siku ile. Wangejua wangempeleka chumba kingine. Ufa ulianza kama unywele, juu ya mlango wa chumba cha watoto. Sasa ulikuwa unameza vidole. Benki ilisema ni rangi tu inabanduka. Wakazi walikuwa na ombi moja: kamati inyanyuke vitini, ije na wahandisi wake, ione kwa macho kabla ukuta haujamlalia mtu. Wakamchagua mama mkwe awasemee, kwa kuwa haogopi sura ya mtu, na kwa kuwa nyumba ni yake. Mkwe, kwa maneno ya bibi huyo, ni mgeni aliyesahau kuaga.

Mkurugenzi wa benki alitangulia. Alizungumza kama mtu anayemwagilia bustani, taratibu, huku kidogo na kule kidogo. Tathmini inaendelea. Mkaguzi wa serikali aliidhinisha. Benki inawajali wateja wake. Bwana Kimya akamwangalia mwenyekiti. Walikuwa na ishara yao ya zamani: mwenyekiti akijishika sikio, zima. Lakini mwenyekiti alikuwa ameshika biskuti.

Ikaja zamu ya mama mkwe. Alikaa ukingoni mwa kiti, akakiinamia kipaza sauti kama anayepuliza moto.

"Wanangu waheshimiwa, hamjambo?"

Waheshimiwa wakacheka, wakaitika. Akafungua mfuko, akatoa pande la ukuta, kubwa kama mkate.

"Huu ni ukuta wanaolalia wajukuu zangu. Tazameni." Akalikwangua kwa ukucha wa kidole gumba. Mchanga ukamwagika mezani, mkavu kabisa. "Saruji gani hii, inashindwa na ukucha wa kizee?"

"Mama, vielelezo vinaletwa kwa maandishi," mwenyekiti akasema.

"Nikuandikie ukuta, baba?"

Chumba kikaangua kicheko. Hata mkurugenzi alitabasamu. Mama mkwe hakucheka.

"Haya, niseme lililonileta. Huyo mkaguzi wenu aliyeidhinisha zile nyumba, siku aliyokuja nilikuwa nje naanika nguo. Hakushuka hata garini. Kioo kikateremka, mkono ukatoka, na huyu bwana aliyekaa hapa akau..."

Mwenyekiti akajishika sikio.

Kidole cha Bwana Kimya kilikuwa kimeshabonyeza. Kidole ni cha serikali. Moyo ulifika baadaye.

Taa ikazimika. Mama mkwe aliendelea, hakujua, akaonyesha kwa mkono jinsi kioo kilivyoteremka na bahasha ilivyoingia. Waliokaa karibu walimsikia vizuri sana. Kumbukumbu hazikumsikia. Alipoona taa imekufa akageuka kuelekea pembeni. Macho yake yakampitia mkwe wake kama yanavyopitia kabati. Ahadi ni ahadi.

"Ahsante, Mama," mwenyekiti akasema. "Kamati imepokea."

Uso wa bibi ukachanua. Mtu aliyebeba kuni na ndoo kichwani tangu utotoni anajua kupokea ni kitu kimoja tu: unakuja umeelemewa, mtu anakukuta njiani, ananyoosha mikono, anakutua. "Mungu awazidishie, wanangu," akasema, akaukunja mfuko wake mtupu.

Bwana Kimya alilijua neno hilo kwa maana ya pale bungeni. Kilichopokewa huwekwa rafuni, juu ya kilichopokewa jana. Hakuna aliyesema watakuja. Hakuna aliyeuliza hata njia.

Watu walipotoka alibaki kukagua vifaa. Aliwasha vipaza sauti vyote, akapita meza kwa meza akivipuliza kimoja kimoja. Pande la ukuta lilikuwa limeondolewa. Mchanga ulibaki kidogo, chini ya kipaza sauti cha mashahidi. Alikuwa anaukusanya kiganjani simu ilipolia. Mke wake.

"Baba watoto! Mama amepiga, analia kwa furaha. Anasema wametupokea! Huku jirani wa juu anapiga vigelegele, ngazi nzima inatetemeka."

"Amesema nini kingine?"

"Amekusifu, ajabu ya dunia! Ati ulikaa kimya vizuri, mkwe mwenye adabu. Sasa hivi nirudishe magodoro ya watoto chumbani? Wamechoka kulala kwenye korido."

Kule kwenye simu alisikia godoro likiburutwa, na watoto wakishangilia.

"Sema basi, wewe. Niyarudishe?"

Bwana Kimya akavuta pumzi, mchanga mkononi. Mbele ya kinywa chake taa nyekundu ilikuwa inawaka, na pumzi yake ikasikika kutoka kwenye spika za darini, kubwa, juu ya viti vitupu.