Mgeni wa Upande Ule

Mimi simwamini mtu anayesifu chakula kabla hajakionja. Vital alikaa kwenye kiti changu cha plastiki, mikono bado inachuruzika maji ya kunawa, akasema bukari yangu, ugali wetu wa huku, ni tamu. Hajagusa hata tonge. Nikamweka palepale kwenye fungu la watu wa kuchungwa.

Alikuwa amefika mchana, saa ile ambayo mtaa wetu wa Kamalondo unalia cherehani kila mlango. Alisimama mbele ya depo yangu ya maharagwe akanisalimia kwa Kinande, lugha yetu sisi tuliotoka Kivu ya Kaskazini. Akasema anaitwa Vital, anatoka kijijini kwetu hasa, ingawa mimi niliyeondoka huko zamani sikumjua, na anamtafuta Ézéchiel. Nikamwambia Ézéchiel amekwenda Lukafu kununua mahindi, atarudi jioni. Mara ile ile nikajuta kumwambia.

Ézéchiel ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Alikuja Lubumbashi kuniletea mzigo wa maharagwe, safari ya kwenda na kurudi, akamwacha mkewe Précieuse na mimba yao ya kwanza. Nyuma yake vita ikafika kwetu. Ilipofika kwenye daraja la mto ulio chini ya kijiji, ikasimama. Wakubwa walitia sahihi huko mbali: risasi zinyamaze, kila jeshi libaki lilipo. Tulishangilia, tukachinja kuku. Askari wa serikali wakabaki ng'ambo moja ya daraja, waasi wakabaki ng'ambo nyingine pamoja na nyumba ya wazazi wetu, shamba lao, makaburi yao, na Précieuse na tumbo lake.

Mwanzo ilikuwa kamba tu, imefungwa kati ya miti miwili. Kisha yakaja mapipa. Kisha kibanda, bendera, na karatasi ya ruhusa yenye muhuri ambao ukikutwa nao ng'ambo ya serikali unalala ndani. Hayo tuliyasikia kwa wafanyabiashara wenzetu. Siku niliposikia kwamba askari wamejenga choo cha matofali palepale penye kamba, nikaacha kungoja. Mtu hajengi choo cha matofali mahali anapopita.

Ézéchiel hakutaka kusikia.

"Itafunguka, yaya," alikuwa akiniambia mimi dada yake mkubwa. "Uliza Mulenga. Pweto nayo ilikatwaka, ikafunguka."

Mulenga ni mzee anayeniletea samaki wakavu wa Pweto, kwenye ziwa Mweru. Ni kweli, katika vita ile ya zamani mji wao ulibaki upande wa pili, watu wakakimbilia Zambia, na baadaye wakarudi. Basi mdogo wangu akashikilia hadithi hiyo kama mtoto anavyoshikilia kanga ya mama yake. Kila mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri kwenda kwetu alipewa ujumbe wa sauti wa kumfikishia Précieuse: vumilia, nakuja, mtoto ni nani? Jibu halikuja hata moja. Miaka ikapita akilala kwenye chumba changu cha nyuma, hakutafuta mwanamke, hakununua hata kitanda chake, kwa sababu mtu anayeondoka kesho hanunui kitanda.

Sasa huyu Vital. Alinieleza njia aliyopita: Uganda, Tanzania, Zambia, halafu mpakani kwetu Kasumbalesa. Nchi tatu za watu, ili mtu atoke Kongo afike Kongo. Nikajiuliza nani anamlipia mwanaume safari ya namna hiyo aje kutoa salamu. Na maswali yake!

"Mama, Ézéchiel angali anatumaka ma message?"

"Juu ya nini unauliza?"

"Nauliza tu. Anapatiaka nani? Na hapa banamujua kwa majina yake yote?"

"Na wewe," nikamuuliza, "kule kwenu banakujua kwa majina gani?"

Akatabasamu, akainamia sahani. Hakuwa na simu. Kijana wa siku hizi, ametoka safari ya nchi tatu, hana simu! Alisema walioko kwenye vizuizi wanazifungua na kusikiliza. Kila jibu alikuwa nalo tayari, na hilo nalo sikulipenda.

Jirani yangu Kapinga alikuwa ameshakuja kuazima kitu ambacho hakukihitaji. Kapinga anauza madaftari na kalamu mlango wa pili. Amesoma, anazungumza Kifaransa cha puani. Akanivuta nyuma ya magunia.

"Ma voisine, huyu muntu anauliza sana. Siku hizi bale ba kule banatuma bantu kuangalia. Tuite chef ya avenue?"

Wazazi wa Kapinga walitoka Kasai, na miaka ya tisini walitolewa kwenye nyumba yao humuhumu Katanga kwa kunyooshewa kidole hivyo hivyo. Siku ile alisahau, na mimi sikumkumbusha. Nilimwambia angoje kwanza. Nilijua chef, mkuu wa mtaa wetu, akija na watu wake, Vital ataingia kwenye gari na hakuna atakayetueleza ametokea wapi. Nilitaka kumshika mwenyewe.

Na nikamshika. Alikuwa amemaliza kula, amelegea, akasema kwa sauti ya kirafiki:

"Mama Muhindo anakusalimia sana."

"Mama Muhindo ni nani?"

"Si ni Précieuse!"

Sisi Wanande hatuokoti majina. Mtoto anazaliwa na jina linamngoja, kulingana na nafasi yake kwenye tumbo la mama. Msichana wa kwanza ni Masika. Mvulana akifungua tumbo ana jina lake, Paluku au Nzanzu. Muhindo ni mvulana anayekuja nyuma ya wasichana, anayegeuza. Mtoto wa kwanza hawezi kuitwa Muhindo, hata baba yake awe mlevi. Na Précieuse aliachwa na mimba ya kwanza.

"Muhindo ni mutoto ya ngapi?" nikamuuliza.

Mkono wake uliokuwa ukipangusa mdomo ukasimama. Akanitazama, akatazama mlango.

"Ya kwanza," alisema.

Njia ya mwongo ni fupi! Huyu si wa kwetu, nikajiambia, amefundishwa Kinande mahali fulani, wamemfundisha vijiji na mito wakasahau kumfundisha majina. Nikamwita Kapinga kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Nilikuwa nafurahi, nasema ukweli. Ni raha kubwa kumshuku mtu tangu mchana na jioni ukute ulikuwa na haki.

Hapo ndipo Ézéchiel alipoingia, vumbi la Lukafu hadi kwenye nyusi.

"Usikaribie!" nilimwambia. "Huyu ni mwongo. Anasema anatoka kwa Précieuse. Anasema mutoto yako wa kwanza ni Muhindo! Kapinga, kwenda uite chef."

Ézéchiel alisimama akimtazama yule mgeni, na niliona midomo yake inatembea bila sauti, kama mtu anayehesabu. Kisha akasema polepole:

"Yaya, nyamaza. Muhindo anazaliwa nyuma ya dada." Akamgeukia Vital kama mtu anayemjua. "Masika iko?"

Yule mwanaume akaanza kulia. Mwanaume mzima, kwenye kiti changu.

"Masika iko," alisema. "Iko muzima. Anatembea, anasema, anaimba."

Mdogo wangu akakaa juu ya gunia. "Niko na Masika," alisema. Hakutuambia sisi, alijiambia mwenyewe. Uso wake ulifunguka na nikaona tena kale katoto nilikobeba mgongoni. Halafu nikaona uso uleule ukifungika, maana alikuwa ameendelea kuhesabu. Masika ni wake. Nyuma ya Masika amekuja Muhindo, na yeye Ézéchiel yuko Lubumbashi.

"Na Muhindo ni wa nani?"

"Wangu," alisema Vital.

Nilishika mwiko. Sijui nilitaka kumfanya nini mtu mzima kwa mwiko wa bukari, lakini niliushika, na matusi ya Kinande niliyoyatoa siku ile yalikuwa yamelala tangu utoto wangu. Mdogo wangu alale peke yake kama mtawa, na huyu aje kula kwangu na kusifu! Nilimchukia Vital, nikamchukia na Précieuse.

"Muache aseme," Ézéchiel aliniambia.

Vital akasema, macho chini. Wakubwa wa ng'ambo ile walipoona mstari hautembei tena, walianza kupita nyumba kwa nyumba kuuliza mwenye nyumba yuko wapi. Nyumba ambayo mwenyewe alikuwa upande wa serikali ilihesabiwa ni ya adui, ikapewa mtu mwingine pamoja na shamba. Précieuse alikuwa na kichanga mgongoni. Alipoulizwa mume wako yuko wapi, akasema amekufa. Wakamwambia mjane lazima awe na mwanaume wa kumjibia, na Vital, jirani wa shamba la pili, akajitokeza.

"Ilikuwa mudomo tu," alisema. "Nililala kwangu, yeye kwake. Kisha bakaanza kuya na usiku kuangalia kama ni kweli. Nikahamia kwenye sebule. Sikuiba bibi yako, Ézéchiel. Ilikuya polepole. Sisi bote tulikuwa tunaogopa."

Kapinga alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. "Basi," aliuliza, "niite chef ao niache?"

Nilimtazama mdogo wangu. Neno moja tu, na Vital asingeonekana tena. Na Mungu anisamehe, nilitaka alitamke.

"Acha, mama Kapinga," alisema Ézéchiel. "Huyu ni ndugu yangu. Njo anayechunga mutoto yangu."

Kapinga aliingia ndani, akakaa.

"Ulikuya kufanya nini?" Ézéchiel akamuuliza Vital. "Haukuvuka inchi zote ile juu ya kuniambia unalala na bibi yangu."

"Nilikuya juu ya sauti yako. Message ya mwisho bakaisikia kwenye kizuizi. Kuna muntu anataka shamba ile, sasa anasema kila fasi, kila nyumba, mwenye shamba iko muzima Lubumbashi. Bakihakikisha, Précieuse ni muongo na ni bibi ya adui. Batatutoa na batoto. Ao mubaya zaidi. Sikuweza kusema hii ku simu. Nakuomba unyamaze."

Maswali yake yote ya mchana yakapanga mstari kichwani mwangu: anatuma kwa nani, nani anamjua, kwa majina gani. Sikuona haya. Mtu akija na jambo kama lile ataacha kuonekana mwizi vipi?

Cherehani za mtaa zikaanza kunyamaza moja moja. Ndipo Ézéchiel akauliza kitu kingine kabisa.

"Masika anafanana na nani?"

Vital alisita, akanitazama mimi.

"Na mama huyu. Hakubali kitu kwa mukono ya muntu kabla ya kukinusa."

Nilicheka, na katikati ya kicheko machozi yakanishinda. Ézéchiel pia alicheka kidogo. Halafu akasema: "Kunyamaza haitoshi. Muntu akinyamaza, batamutafuta. Lazima nikufe."

"Mimi nikisema ulikufa hakuna atakayeniamini," alisema Vital. "Kifo yako inanifaa mimi."

"Njo maana itatoka hapa. Nitaenda na Mulenga, Pweto, kwenye samaki. Hakuna muntu wa kwetu anafikaka kule. Yaya atasema nilizama mu ziwa."

Nikamkatalia. Nilipiga kelele, nikamkumbusha maneno yake mwenyewe: itafunguka, Pweto ilifunguka, siku kamba ikikatwa utasemaje, marehemu?

"Hata ikifunguka, yaya," alisema, "Muhindo alishazaliwa."

Nikaenda chumba cha nyuma kumtolea begi lake.

Vital aliondoka kwa njia aliyojia. Nilimfungia maandazi ya safari, na sikumwambia kwaheri. Mdogo wangu akapanda juu ya lori la Mulenga na begi lake dogo, akiwa ametoa kadi kwenye simu na kunikabidhi. Nikaivunja kwa meno.

Baada ya hapo nikafanya kazi yangu. Nilipeleka habari kanisani, kwa watu wa kwetu: Ézéchiel amezama Mweru, mwili haukupatikana. Walikuja kukaa matanga uani kwangu, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya kukodi. Kapinga alipika chai kwa siku zote za kilio na hakufungua mdomo. Nililia, na sikuigiza hata chozi moja. Lakini macho yangu yalikuwa yakipita uso kwa uso, nikimtafuta mwanamke anayesafiri kwetu ng'ambo ile mara kwa mara na asiyeweza kuficha neno. Nilipomwona, nilimketisha karibu nami, nikamshika mkono, nikamsimulia kifo cha mdogo wangu tangu mwanzo, taratibu, asisahau kitu.