Sahihi ya Mume

Swafiya alikuwa akinikabidhi nyama nyuma ya ukuta wa msikiti, pale mtaani kwetu Biryogo, ili niingie nayo uani mkononi mwangu. Kwetu nyama huletwa na mwanamume. Vita vilipoanza, mwaka wa tisini, wakubwa walisimamisha ujenzi wa ofisi zao Kimihurura, na mimi mwashi nikabaki na mwiko tu. Yeye akapata kazi ya mshahara, kushona sare za shule.

"Baba Shakira, shika wewe," alikuwa akisema, kisha anabaki nyuma kidogo, kama mtu aliyetoka kuchota maji.

Majirani hawakudanganyika. Eustache, fundi viatu, aliniona nikipita. "Leo bibi amekuruhusu kutoka?"

Nilicheka. Ningefanyaje? Nyumbani Swafiya alinimiminia chai, akaniuliza kama binti yetu aendelee na shule. Karo alikuwa ameshalipa. Nikajibu, "Aendelee," kama waziri.

Mwaka wa tisini na tatu nilipata kibarua Kanombe, kuziba nyufa za ukuta. Asubuhi moja tumbo lilimshika Swafiya akiwa kwenye cherehani. Mwenzake wa kazi, Winifred, akamkimbiza hospitali. Mimba ilikuwa imekaa vibaya, ilibidi apasuliwe haraka. Winifred ndiye aliyenisimulia. Karani aliuliza, "Mume yuko wapi? Bila sahihi yake hapasuliwi mtu."

"Nalipa mwenyewe," Swafiya akasema. "Na kuandika najua. Lete kalamu."

"Mama, hiyo ni amri. Si mimi."

Si yeye. Makarani huwa si wao kamwe. Waliotoa amri walikaa maofisini, ndani ya kuta nilizozijenga mimi, wala hawakujua kwangu nani analisha nani.

Nilipoletewa habari nilikimbia. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walituketisha chini wapita njia wote, wakasoma vitambulisho kimoja kimoja, polepole, kama watu wanaojifunza kusoma.

"Afande, mke wangu anakufa."

"Kila mtu hapa ana mke, mzee. Kaa."

Nikakaa. Jua likapita utosini.

Nilipofika walikuwa wamekwisha kumfunika. Karani akanisogezea karatasi nyingine, ya kuchukua maiti, akanipa kalamu. Nikamwambia sikusoma, nyumbani aliyekuwa akiandika ni yeye.

Hakushangaa. Alifungua kibweta cha wino.

"Basi weka kidole."

Nikaweka. Kikakubaliwa.