Unga wa Mboni

Pale Kivinje watu walikuwa na maneno mengi juu ya Umatumbi, na waliosema zaidi ni wale ambao hawajapakanyaga. Walisema nchi ile ya vilima imefungwa kwa dawa. Mgeni akiingia, njia humzungusha mpaka ajikute alikotoka. Walisema wenyeji wake hulala na nyoka mapangoni. Mwahija aliyasikia hayo sokoni akinunua samaki, akacheka na wenzake, kanga kaivuta kichwani, ingawa alizaliwa huko huko vilimani na jina lake la kwanza lilikuwa Mboni. Mwaka wa njaa mama yake alimtoa kwa mtu wa pwani kwa kikapu cha mtama. Akalelewa, akasomeshwa Kurani, akaolewa, akafiwa na mume. Mwacha asili ni mtumwa, husema wasemao, na yeye hakupewa nafasi ya kuchagua.

Vita vya maji, yale ya dawa yaliyosemwa hugeuza risasi kuwa maji, vilipokuja, Wadachi wakachoma mashamba na maghala ya vilimani, ili njaa imalize kazi iliyobakizwa na risasi. Waliosalia wakaingia mapangoni. Wanaume walioshikwa walinyongwa. Mwahija hakucheka tena sokoni. Kila alipotia tonge mdomoni alimwona mama yake, na alitaka jambo moja tu, amtoe kule akiwa hai.

Ndipo akaja mzungu waliyemwita Bwana Miwani. Jina lake la kwao lilikuwa refu, hakuna aliyelihangaikia. Hakuwa mtu wa vita. Alilisema hilo kila mahali. Alikuwa mtu wa kutafuta desturi. Alinunua ngoma, vinyago, vyungu, hata fuvu la mtu akilipata, na alitembea na sanduku la picha lenye miguu mitatu. Alitaka kuwaona watu wa nchi iliyofungwa kabla hawajaisha. Alitamka hivyo hivyo, kabla hawajaisha, kama mtu anayewahi maembe ya mwisho wa msimu.

"Nitakufasiria, Bwana," Mwahija alimwambia. "Ila mama yangu yuko huko. Akitoka nitakwenda naye Kivinje, asiguswe."

"Mama yako ni mgeni wangu," akasema Bwana Miwani. "Mimi nataka kuona tu."

Kuona tu. Macho ya namna ile hayatembei peke yake. Nyuma yake walifuata askari na shaushi, mkubwa wao, Tawakali, eti wamlinde na chui.

Walipanda vilima wakipita mahame na majivu. Hata mbwa hakubweka, maana mbwa walishaliwa. Bwana Miwani akatikisa kichwa, akasema watu hawa ni wasiri mno.

Mwahija akamweleza desturi ya kwao. Chini ya jabali lenye mapango ulikuwapo mti wa tambiko. Mtu akitoka mbali hufika pale jioni, akamimina unga polepole kwa kiganja mpaka usimame kama kichuguu chenye ncha. Alfajiri wenyeji huja kuutazama. Ukiwa umebomoka, hunyamaza mpaka mgeni aende zake. Ukiwa umesimama, mizimu imemkubali, nao hutoka mikono mitupu, wakipiga makofi, kumpokea. Na kila nyumba ilikuwa na alama yake. Mama yake alikuwa akibonyeza dole gumba ubavuni mwa unga, wazee wajue ni nani anayewaita.

Hapo ndipo Mwahija alipokosea, na kosa lile hulifanya mtu wa vilimani peke yake. Aliamini kwamba tambiko humfunga kila aliyelishuhudia, kwamba mbele ya unga hakuna anayeinua silaha. Alisahau kwamba Tawakali hakuzaliwa kule.

Jioni akaumimina unga, akabonyeza dole gumba. Bwana Miwani akatega sanduku lake kichakani, askari wakaketi nyuma yake.

Kulipopambazuka mama alitoka, ngozi na mifupa, akitambaa. Unga ulikuwa umesimama vizuri. Hakupiga makofi, hakuisalimu mizimu. Aliigusa ile alama ya dole gumba, kisha akaanza kuukomba unga pamoja na mchanga, akijaza mdomo. Mwahija akamkimbilia, akamkumbatia huku akilia.

"Mwambie asile," Bwana Miwani akasema kutoka kichakani. "Desturi haiko hivyo. Na jua bado. Umimine tena, naye apige magoti."

Mwahija akaumimina tena. Akamwambia mama yake kwa Kimatumbi, "Usile, mama. Subiri kidogo." Mama akapiga magoti mbele ya unga, mate yakimchuruzika, akingoja jua la mzungu.

"Mboni," akasema, "niliujua mkono wako. Kaka yako Likwata alikataa tusitoke, akasema ni mtego. Nikamwambia mwanangu hawezi kuweka unga wa uongo."

"Mwambie arudi ndani, mama."

Likwata alikuwa ameshatoka. Alikuja akipiga makofi, mikono mitupu kama desturi itakavyo, na nyuma yake wanawake na watoto. Bwana Miwani alifurahi mno. Akawataka wasimame hapo hapo, akaingiza kichwa ndani ya kitambaa cha sanduku lake. Alipokitoa, Likwata alikuwa chini, kamba shingoni.

"Huyu alikunywa maji ya vita," akasema Tawakali. "Kovu la risasi hili hapa."

"Bwana, uliniahidi," Mwahija akamwambia Bwana Miwani.

"Nilikuahidi mama yako, naye hajaguswa. Haya ni mambo ya serikali. Mimi si mtu wa vita."

Wakamnyonga Likwata kwenye ule ule mti, kwa kuwa ulikuwa karibu. Bwana Miwani aliomba wangoje kidogo, asogeze sanduku lake.

Mama hakulia. Alimgeukia binti yake.

"Nilikutoa kwa kikapu cha mtama," akasema. "Leo umeurudisha. Tumelipana."

"Anasemaje?" akauliza Bwana Miwani.

Mwahija akamfasiria. "Anashukuru kwa unga, Bwana."

Bwana Miwani akaguswa. Akasema watu hawa, ukishawajua, wana adabu, akaamuru mama aongezewe unga. Mama akaupokea kwa mikono miwili, akala wote, maana njaa haina haya, huku miguu ya mwanawe ikining'inia juu yake.

Kwa hiyo Mwahija alikipata alichokitaka. Mama yake alifika Kivinje akiwa hai, akanenepa, akaishi naye miaka mingi. Akitaka maji au mkeka alimwita Mwahija, kama walivyomwita watu wa mjini. Jina la Mboni hakulitamka tena mpaka anakufa.