Siku Yangu ya Mwethya

Nilitengwa kanisani miezi sita kwa kosa la kuwapeleka wanawake kumi na saba na majembe yao zahanatini. Katibu aliandika kitabuni neno moja, "fujo". Walitaka niseme najuta. Ninachojuta ni kuchelewa, maana watoto wawili nilikuwa nimeshawazika kabla sijapata akili hiyo.

Ilikuwa mwaka wa 1986, hapa Zombe. Mume wangu Muthama alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Alinunua kwa akina Abdille waliotoka upande wa Tana, akaenda kuuza Kabati, na huko Kabati hakuwa akilala na mbuzi. Jumapili alivaa tai akawa shemasi, akapitisha kapu la sadaka. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa amekwisha kufa. Wa pili aliishi siku mbili na hakulia hata mara moja. Mama mkwe alisema ni laana niliyotoka nayo kwetu, na watu wakamwamini.

Mimba ya tatu ilipofika miezi minne, Sista Mumina, muuguzi wa zahanati yetu, mzaliwa wa Garissa, alinitoa damu akaituma Kitui mjini ipimwe. Majibu yalipokuja alifunga mlango kwanza.

"Nzilani, ni kaswende. Hiyo ndiyo iliua watoto wako. Si laana, na dawa iko."

Nililia, lakini kwa hasira. Miaka mitano nimeombewa, nimefungishwa, nimenyweshwa mizizi michungu, na kumbe ni kitu cha sindano.

"Wewe nakudunga leo, na wiki ijayo, na ile ingine," alisema. "Lakini bwana yako lazima adungwe pia. Nikikutibu peke yako atakurudishia, itakuwa ni kupangusa sakafu na paa linavuja."

Akaniandikia kikaratasi cha kumwita mwenzangu. Hakikuwa na jina la ugonjwa, ni nambari tu na tarehe. Muthama alikisoma, akakikunja vizuri, akakitia motoni chini ya sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe ya jioni.

"Hiyo ni magonjwa ya wanawake," alisema. "Mimi niko sawa. Ningekuwa mgonjwa si ningesikia uchungu?"

Kikaratasi cha pili kilifuata cha kwanza motoni. Nikahamishia mkeka wangu jikoni. Siku ya tatu alimleta mchungaji, akanisomea kwamba mke hana amri juu ya mwili wake. Nilimwomba asome mpaka mwisho, maana pale pale panasema mume naye hana amri juu ya mwili wake. Mchungaji alifunga kitabu akasema tuombe. Usiku huo Muthama alipiga mlango wa jikoni hadi komeo likalegea, na nilijua halitafika mwisho wa mwezi.

Sasa, chama chetu cha mwethya kina sheria moja kubwa. Tunafanyiana kazi kwa zamu, leo kwa huyu, Jumanne ijayo kwa yule, na mwenye siku ndiye mwenye kusema kazi. Akisema matuta, tunachimba matuta. Akisema kisima, tunachimba kisima. Hatumwulizi kwa nini, na asiyekuja hutozwa kuku. Mume wa boma naye hukaa nyumbani kuonyesha mstari wa kuchimba, maana ni aibu wageni wamchimbie shamba huku yeye hayupo.

Jumanne yangu ilifika mwezi wa kumi. Muthama alikuwa amepanga vigingi shambani tangu alfajiri, kofia kichwani, anatabasamu. Wanawake wakajipanga. Ndila, mwenyekiti wetu, mjane asiyependa maneno mengi, akaniita kama walivyoniita wote, muka wa Muthama, yaani mke wake tu, kwa kuwa sikuwa na mtoto wa kuitwa mama yake.

"Haya, muka wa Muthama. Sema kazi."

Nilikuwa naogopa, nisidanganye.

"Kazi ya leo si matuta," nikasema. "Niko na kaswende. Imeua watoto wangu wawili, na huyu wa tatu imemfuata. Mimi nimeanza kudungwa. Muthama amekataa. Kazi yenu ni kunisaidia kumfikisha kwa sista."

Mbula, mwimbishaji wetu, aliangusha jembe. Muthama alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

"Aiya! Mwaitu," alimwambia Ndila, akimwita mama kwa adabu ya ghafla, "unasikia huyu? Hii ni maneno ya nyumba. Mwambie aache wazimu."

Ndila aligeuka kuviangalia vile vigingi. Nilidhani ameniacha.

"Mwenye siku amesema kazi," alisema. "Na mimi nilizika watatu, hakuna mtu alinitoa damu. Bebeni majembe."

Hawakumgusa hata kwa kidole. Walimzunguka tu wakaanza kutembea, na wakaimba, kama tunavyoimba tukichimba kumsuta mvivu. Mbula ndiye aliyetunga: dume la mbuzi analiangusha kwa mkono mmoja, sindano ya sista inamtoa jasho. Tulipita katikati ya soko. Abdille aliacha kuhesabu mbuzi wake akatutazama. Muthama angeweza kukimbia, lakini shemasi kukimbizwa na wanawake mbele ya soko zima, aliona heri atembee.

Sista Mumina alitoka amekasirika. "Hii ni zahanati, si baraza! Majembe nje! Siri ya mgonjwa si wimbo!"

"Siri ilikuwa yangu, sista," nikamwambia, "na nimeichoka."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akamwingiza Muthama na kufunga mlango. Muthama alipotoka alikuwa akichechemea. Jumanne mbili zilizofuata alikwenda mwenyewe, mapema, kabla soko halijaamka. Na siku ile ya kwanza, wanawake wanne hawakurudi nasi. Waliketi kwenye benchi wakingoja kutolewa damu. Nani na nani, sisemi. Habari yangu nilikuwa na haki ya kuitangaza, yao sina.

Kanisa lilinitenga mimi. Muthama aliachiwa kapu lake.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata nilikuwa bado kwenye benchi la waliotengwa, nyuma karibu na mlango, na msichana wa wiki tatu mapajani. Katikati ya mahubiri akaanza kulia. Mchungaji aliomba mama mwenye mtoto atoke nje kidogo. Watu wakageuka. Muthama aliniashiria kwa kidevu: toka.

Sikutoka. Miaka mitano nilikuwa nakingoja kilio hicho. Nilimnyanyua begani kwangu, ili wa mbele nao wamsikie vizuri.